Mishtuko ya Asubuhi si Uzembe

Wako vijana ambao mikono yao hushtuka ghafula mara waamkapo, hata kikombe kikaanguka. Wenzao huwacheka, wengine husema wamerogwa. Sivyo. Hiyo ni namna moja ya kifafa, nayo aghalabu huanza katika umri wetu sisi wanafunzi.

Dawa zipo. Mwaka 1962, huko Grenoble, Ufaransa, Pierre Eymard na wenziwe waligundua ya kuwa valproeti huzuia kifafa, nayo imewatuliza wengi. Lakini mgonjwa sharti amweleze daktari habari za mishtuko hiyo, maana kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, yaweza kuizidisha. Na valproeti yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, basi wasichana hutafutiwa nyingine iwezekanapo.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa ni kuacha vidonge kwa kuwa mtu ajiona mzima, au kwa kuona haya bwenini. Ikiachwa ghafula, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu. Kukesha nako huiamsha mishtuko. Basi wazazi, msikatize dawa. Walimu, msimfukuze mgonjwa. Nasi wanafunzi, tumwache mwenzetu anywe dawa yake waziwazi, na taa zizimwe kwa wakati wake.