Kabla ya Katapila Kuingia, Tembea Shamba la Kale



Msimu huu napigiwa simu nyingi zenye swali moja. Kikundi kimepata ekari 30 au 50 kwenye eneo lililokuwa shamba kubwa la zamani huku Tanga, la mkonge au la viungo, na wanachotaka kujua ni bei ya katapila kwa saa. Hakuna anayeniuliza kuhusu lile tangi la mawe lililomezwa na vichaka. Hakuna anayeuliza kwa nini ule mstari wa miti mikubwa bado umesimama wakati hakuna mtu aliyeupalilia tangu babu yake akiwa kijana. Vyote hivyo vinahesabiwa kuwa uchafu, na uchafu dawa yake ni kusafisha.

Mimi napinga. Eneo la kale ni daftari la shamba. Limeandikwa nini kilistawi pale na nini kilikufa, maji yalipita wapi na watu walikaa wapi. Ukilisukuma lote pembeni na katapila kwa siku moja, itabidi ulipe kwa hela yako mwenyewe kujifunza yale ambayo mwenzako alishayalipia miaka mia iliyopita. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: siku mbili za kutembea kwa miguu kabla ya mashine yoyote kuingia. Na kama hujui kusoma unachokiona, panda kwanza Amani ukajifunze.

Nasema Amani kwa sababu. Kutoka Muheza mjini ni kilomita 30 na kidogo tu, lakini vijana wengi wa hapa hapa hawajawahi kufika. Wanajua Nane Nane, wanajua semina za hotelini, Amani wanaiona ni ya wazungu wanaotafuta ndege na vinyonga. Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Walileta mimea kutoka karibu kila bara lenye joto wakaipanda kwenye vitalu, kuanzia bondeni Sigi hadi juu mlimani, ili waone kipi kitalipa. Mamia ya aina. Vingi vya vitalu hivyo bado unaweza kuvitambua: miti imesimama kwa safu katikati ya msitu, na msitu wenyewe haupandi kwa safu. Majengo ya zamani yapo, nyumba za watafiti zipo, na pale Sigi nyumba ya mkuu wa stesheni bado imesimama, kwa sababu kulikuwa na reli nyembamba iliyopanda kutoka Tengeni kufuata mbao. Reli haipo tena. Nyumba sasa ni kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta 8,380.

Sasa twende kwenye somo lenyewe, tuanze na kahawa.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1890, kampuni za Kijerumani zilimimina mtaji kwenye kahawa huku Usambara Mashariki. Mtu ukiangalia mahali penyewe utaelewa kwa nini. Mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, udongo mwekundu mzito, msitu mnene wenye miti ambayo watu watano hawaizungushii mikono. Walipiga hesabu kama unavyopiga wewe leo kwenye simu: msitu mkubwa, basi rutuba kubwa. Wakafyeka. Kahawa ikaanza vizuri, baada ya miaka michache mavuno yakaporomoka, bei ya dunia nayo ikashuka, na mashamba yakaachwa au yakabadilishiwa zao.

Kilichotokea ni kwamba rutuba ya pale haikuwa kwenye udongo. Ilikuwa kwenye miti yenyewe na kwenye ile mboji nyembamba ya juu. Udongo wa Usambara Mashariki umetokana na miamba ya kale sana, umeoshwa na mvua kwa muda usiohesabika, una tindikali nyingi. Siyo kama wa Kilimanjaro unaotokana na volkano. Ukiondoa msitu umeondoa benki, umebaki na jengo lake. Lakini angalia Kwamkoro na Bulwa, mlima ule ule: chai imekaa, kwa sababu chai inapenda udongo wenye tindikali. Eneo ni moja, mvua ni ile ile, zao moja limefilisi watu na lingine limedumu. Hili ukilisikia semina utaliandika kwenye daftari na kulisahau. Ukisimama pale juu ukaona chai upande huu na msitu upande ule, hutalisahau.

Na bado leo kuna kijana anakuja kwangu na mpango wa vanila, iliki au pilipili manga, kila kitu kimeandikwa mpaka faida ya mwaka wa tano, ila pH ya udongo haimo. Nikimuuliza ananiambia, "Afisa, pale pana msitu, pana rutuba." Jamani.

Kisa cha pili nakipenda zaidi, kwa sababu kinaanza na hasara na kinaishia kwenye sahani. Wajerumani walipanda pia mpira, na huku ukanda wetu aina iliyoenea sana ilikuwa ile iliyotoka Ceará, Brazili, ambayo ni ndugu wa karibu wa muhogo. Mwaka 1913 bei ya mpira ikaanguka vibaya kwa sababu mashamba ya Asia yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na wa bei ya chini. Biashara ikafa. Miti ikabaki porini na kwenye mipaka ya viwanja, ikawa haina mwenyewe. Watu wa pwani wakachuma majani wakapika, na mpaka leo kisamvu cha mpira ni mboga ya heshima, muulize mama yeyote wa Tanga.

Halafu miaka ya 1930, kituo cha Amani kikiwa sasa chini ya Waingereza, watafiti wakina Storey na Nichols walikuwa wanahangaika na magonjwa ya virusi ya muhogo, yaani batobato na michirizi kahawia. Huo ugonjwa wa michirizi kahawia wenyewe ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Storey hapo hapo Amani mwaka 1936. Wakachukua muhogo wakauzalisha na ule mti wa mpira ulioachwa, kisha wakarudia kuzalisha na muhogo mpaka wakapata mizizi inayoliwa na mmea unaovumilia ugonjwa. Mbegu inayojulikana kama Namikonga ni ya uzao huo, na watafiti wa leo bado wanaitumia kama chanzo cha ukinzani. Fikiria kama mtu angekuwa amepita na katapila kung'oa ile miti yote "isiyo na faida".

Sisemi kila mti wa zamani ni wa kutunzwa. Amani inafundisha na kinyume chake. Kuna mti unaoitwa Maesopsis eminii, wengine wanauita musizi, wengine muhesi. Kwao ni magharibi, kuanzia ukanda wa Kagera na Uganda kwenda mbele. Amani uliletwa kwa nia njema kabisa, unakua haraka na unatoa mbao. Hondohondo wakaupenda, wanakula tunda na kudondosha mbegu kila mahali, na uvunaji wa magogo wa baadaye ukafungua nafasi za mwanga ndani ya msitu. Sasa umejipandikiza hata pasipotakiwa na kuwapa kazi watu wa hifadhi. Kwa hiyo mtu akikuletea mche mpya na sifa yake ya kwanza ni "unakua haraka sana, hauhitaji matunzo," muulize mbegu zake zinasafirije.

Turudi kwenye ekari zako 50. Wewe huna kituo cha utafiti, lakini una mabaki, na mabaki yanaongea. Tangi la mawe halikujengwa mahali pale kwa bahati; tafuta chemchemi au mfereji uliolilisha, maana aliyejenga alihitaji maji ya kiangazi, siyo ya masika tu. Ukikuta kalvati kubwa juu ya kijito kilichokauka, usicheke. Inakwambia maji yaliwahi kupita hapo kwa wingi, na ukipanda nyanya kwenye lile bonde zuri lililo chini yake, mvua kubwa itakuja kudai njia yake. Tuta refu lililonyooka linalokatiza shamba huenda lilikuwa njia ya reli ya matoroli ya mkonge: mwinuko wake ni mdogo, na unaweza kuwa barabara yako ya kutolea mazao bila kulipa greda. Sehemu zilizokuwa kambi za wafanyakazi mara nyingi utazitambua kwa miembe na mabaki ya sakafu. Pale udongo unaweza kuwa tofauti kabisa na wa shambani, kwa sababu watu waliishi, wakatupa majivu na taka za jikoni miaka na miaka. Chukua sampuli yake peke yake, usiichanganye na nyingine.

Na hapo kwenye kambi nenda kwa adabu. Najua kuna msomaji anasema, bwana shamba umekuwa mpenzi wa wakoloni? Hapana. Ardhi ile ilichukuliwa kwa wenyeji, na mashamba ya mkonge yalijengwa na jasho la manamba waliotolewa mbali na makwao na kulipwa kiduchu. Mkonge wenyewe ulifika mwaka 1893, Dkt. Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Waliogeuza 62 hiyo kuwa mashamba yasiyo na mwisho ni babu zetu, na wengi wamelala pembeni ya hizo kambi, makaburi hayana hata jiwe. Kwa hiyo hilo daftari ninalolisema ni letu, tumelilipia. Ukikuta makaburi, weka alama, acha nafasi, waambie wazee wa kijiji kabla ya jembe halijagusa.

Kuna jambo lingine linaloniudhi, niliseme. Hawa watu wa "mali ya Mjerumani". Vijana wenye nguvu wanakesha wanachimba chini ya msingi wa nyumba ya meneja, wanapasua kuta za tangi, eti kuna sanduku la rupia au madini. Mganga kala hela, mwenye ramani kala hela, kilichobaki ni tangi lililopasuka ambalo lingekarabatiwa kwa mifuko michache ya saruji likamwagilia bustani ya hoho. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba kutafuta malikale bila kibali. Kama eneo lako lina jengo la kale la maana, uliza ofisi ya utamaduni ya halmashauri kabla hujabomoa chochote.

Namna ya kutembea ni rahisi. Siku ya kwanza nenda na mzee aliyewahi kufanya kazi pale au mtoto wake, mpe posho yake kama unavyomlipa mtaalamu, na umwache aongee. Muulize ploti ipi ilikuwa inatoa mkonge mzuri na ipi walikuwa wanairuka, wapi palikuwa panatuama maji, kisima cha kambi kilikuwa wapi. Rekodi kwa simu, na kila mahali washa GPS uweke alama. Siku ya pili rudi na jembe na panga, chimba mashimo ya sentimita 60 kwenye kila sehemu uliyoona inatofautiana, halafu peleka sampuli TARI Mlingano pale Ngomeni, maana ndipo penye kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Mimi stashahada yangu nimesomea jirani hapo hapo, kwa hiyo msinidanganye kwamba ni mbali. Vaeni buti; majengo yaliyoachwa yana nyoka na visima visivyo na mfuniko.

Kwa wanaotaka kwenda Amani kwanza: epukeni masika, barabara ile ikilowa inateleza na pikipiki nyingi zinaishia mtaroni. Lipeni kiingilio pale Sigi, chukueni mwongoza watalii wa kijijini, na mwambieni mapema kwamba nyie ni wakulima, awapeleke kwenye vitalu vya zamani, mikwinini, mashamba ya mdalasini na karafuu ya wanakijiji, siyo kwenye maporomoko ya kupigia picha tu. Na mkiona mche mzuri kule msiutie kwenye begi. Mbegu na miche ya pale haitoki bila ruhusa, na kisa cha musizi mmeshakisoma hapo juu.