Kuthibitisha chuo ndiko wengi wanakokwama

 Tangu 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) haiwapangii tena vyuo waombaji wa shahada ya kwanza. Kila mmoja anaomba chuoni moja kwa moja. Kwa hiyo kijana aliyemaliza Kidato cha Sita anaweza kuchaguliwa na vyuo vitatu, akashangilia, akajisahau. Asipothibitisha kimoja ndani ya muda, kwa ile namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, nafasi inampita. Na simu yenyewe mara nyingi ni ya mjomba! Mkopo nao ni ombi jingine kabisa, la Bodi ya Mikopo (HESLB), na cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa kwanza na wakala wa usajili wa vizazi, RITA. Wazazi, msingoje majina ya waliochaguliwa yatoke ndipo muanze kukitafuta.