Programu za nyota zijaribiwe Kisangani pia

Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Mstari wenyewe unapita kusini ya mji, karibu kilometa 57, upande wa Ubundu. Kwa mkaaji wa Makiso au Mangobo jambo hilo halina uzito. Bei ya pondu sokoni haipandi wala haishuki kwa sababu ya ikweta. Lakini kwa mtu anayetaka kupiga picha za nyota kwa darubini inayoongozwa na kompyuta, nusu digrii hiyo inaleta matatizo ambayo mtu wa Paris au Brussels hayajui. Na kwa sababu hiyo hiyo, Kisangani ni mahali pa thamani kwa watu wanaotengeneza programu za kazi hiyo, hata kama wengi wao hawajui mji huo uko wapi.

Kazi yenyewe ni hivi. Dunia inazunguka, kwa hiyo anga linaonekana kusogea digrii 15 kila saa. Picha ya nyota zilizo mbali inahitaji kamera ibaki wazi kwa dakika nzima au zaidi. Darubini ikisimama tu, nyota zinatoka kama mistari. Ndiyo maana darubini inawekwa juu ya kiti chenye mota mbili ndogo zinazoifuatisha na anga. Zamani mpigapicha alikaa masaa mengi jicho likiwa kwenye lenzi, akirekebisha kwa mkono. Leo programu ndizo zinafanya: KStars pamoja na sehemu yake inayoitwa Ekos, N.I.N.A., PHD2. Zote ni za bure. Zinaendesha mota, zinafungua kamera, zinalinganisha picha na ramani ya nyota ili kujua darubini imeelekea wapi, kisha zinasahihisha.

Kabla toleo jipya halijapewa watu wote, linatolewa kwanza kama beta, yaani toleo la kujaribiwa. Watu wa kujitolea wanalipakua, wanalitumia usiku, na asubuhi wanaandika kilichoharibika: programu ilijifunga saa ngapi, mota ilikataa kugeuka wapi, ujumbe gani ulionekana. Mtengenezaji anasoma, anarekebisha, anatoa toleo lingine. Wanaofanya hivyo wengi wako Ulaya na Amerika Kaskazini. Hapo ndipo shida inaanzia, maana programu inakuwa na akili ya mahali ilipojaribiwa.

Chukua mfano wa Nyota ya Kaskazini. Kiti cha darubini kinapaswa kuelekezwa sawasawa na mhimili wa dunia, na mtu wa Ulaya anautafuta kwa kuangalia nyota hiyo, ambayo kwake iko juu angani usiku wote. Kisangani, nyota hiyo inalala kwenye upeo wa macho, haivuki digrii moja na kidogo, nyuma ya miti na ukungu wa msitu. Ncha ya kusini nayo iko chini ya upeo, haionekani kabisa. Programu inayomwambia mtu «elekeza kamera kwenye ncha ya anga» inamwambia mtu wa Kisangani apige picha ya michikichi. Ni kweli, programu mpya zina njia nyingine: zinapiga picha tatu sehemu yoyote ya anga, zinakizungusha kiti kati ya picha na picha, na hesabu inaonyesha kiti kimekosea kiasi gani. Njia nzuri. Lakini ikishasema «shusha mhimili hadi nusu digrii», viti vingi vinagoma; havikutengenezwa kulala chini kiasi hicho, na chuma kinachobeba uzito wa kusawazisha kinagonga mguu wa chini. Programu haioni hilo. Atakayeliona ni mtu aliye pale, na akiliona anapaswa kuliandika.

Kuna jambo lingine ambalo ni la Kongo kabisa. Nchi hii ina majira mawili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya kimataifa, Kisangani na mashariki yote saa mbili. Kwenye orodha ya majira inayotumiwa na Linux na simu nyingi, Kongo ina majina mawili: Kinshasa na Lubumbashi. Kisangani haimo. Sasa kijana wa Tshopo anaweka kompyuta yake, anaulizwa mji, anachagua Kinshasa kwa kuwa ndiyo mji mkuu, na baadaye akiona saa si sawa na ya mkononi mwake, anaisogeza mbele kwa mkono. Saa inaonekana sawa. Lakini ndani ya kompyuta, saa ya kimataifa imekosea kwa saa moja nzima, na kwenye anga saa moja ni digrii 15. Hiyo ni sawa na miezi mipevu 30 iliyopangwa mstari mmoja. Darubini inaambiwa iende kwenye nyota fulani, inakwenda kwa utulivu mahali ambapo nyota hiyo haipo.

Programu ikipiga picha na kuilinganisha na ramani, itajisahihisha kuhusu mahali ilipoelekea. Hesabu ya katikati ya anga, yaani wakati ambao darubini inapaswa kugeuka upande wa pili wa kiti, inabaki na saa moja ya uongo. Kamera ya dola mia kadhaa inaweza kugonga mguu wa chuma saa nane za usiku, mwenyewe akiwa amelala. Programu nzuri ingeuliza: «Uko longitudo 25 mashariki, kwa nini saa yako ni ya Kinshasa?» Swali hilo litaandikwa ndani ya programu siku mtu wa mashariki ya Kongo atakapoliomba. Mtu wa Munich hatalifikiria kamwe, na hana kosa.

Kuhusu umeme, hakuna haja ya kusema mengi kwa wakaaji wa mji ambao delestaji wanaijua kuliko kalenda. Inatosha jambo moja. Wapigapicha wengi wa nyota wanatumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kwa kuwa inakaa kwenye kiganja na inakula umeme kidogo. Hadi toleo lake la 4, mashine hiyo haina saa yenye batri ndani. Umeme ukikatika, saa inasimama. Ukirudi, mashine inaomba saa kutoka intaneti. Mahali ambapo mega zimekwisha, inaamka ikidhani bado ni saa ileile iliyozimika, na programu inakubali bila kuuliza. Huko Ulaya kasoro hiyo inaonekana mara chache. Hapa inaweza kuonekana kila juma. Upande wa pili, giza la delestaji linaacha anga safi ambalo miji mikubwa ya Ulaya imelipoteza zamani. Ni faida ambayo hakuna aliyeiomba.

Wengi watasema: haya yote ni ya matajiri, nani Kisangani ana darubini yenye mota? Hapo ndipo habari njema ilipo, na ndiyo hasa inayofanya jambo hili listahili kuandikwa. INDI, mfumo ambao KStars inatumia kuzungumza na vyombo, una darubini ya kuigiza na kamera ya kuigiza ndani yake. Ni programu tu. Inajifanya kiti chenye mota, inajifanya kamera, inachora nyota za uongo kwa kufuata ramani ya kweli. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuweka latitudo 0,5 na longitudo 25,2, akaharibu saa kwa makusudi, akakata intaneti, akazima mashine katikati ya kazi, akaona programu inafanya nini. Makosa ya hesabu karibu na sifuri, makosa ya saa, makosa ya kukatika kwa mtandao: yote yanaweza kutafutwa mchana kweupe, mvua ikinyesha, bila lenzi hata moja. Na mvua Kisangani hainyeshi kidogo.

Anayeendesha INDI na KStars kwa miaka mingi, Jasem Mutlaq, ni mhandisi wa Kuwait. Hakuzaliwa karibu na kiwanda chochote kikubwa cha darubini. Alianza kama wanavyoanza wengi, kwa kuchangia kazi iliyokuwa wazi kwa kila mtu.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo halipaswi kudharauliwa. Kwa nini kijana asiye na kazi, anayelipa mega kutoka mfukoni, awafanyie wazungu kazi ya bure? Kongo ina kumbukumbu. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Ujerumani, OTRAG, ilijaribu roketi zake Shaba. Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikwenda kutazama, na roketi ikashindwa mbele ya macho yake. Kongo ilitoa ardhi. Maarifa yaliyotoka kwenye kushindwa kule yaliondoka pamoja na wenyewe. Miaka 30 baadaye, Jean-Patrice Keka na wenzake walirusha roketi zao za Troposphère kutoka Menkao, karibu na Kinshasa. Ile ya tano, mwaka 2009, ilibeba panya. Ilipotoka njia na panya hakurudi. Watu wengi walicheka. Lakini kushindwa kwa Menkao kulibaki mikononi mwa Wakongomani, na aliyekosea ndiye aliyejifunza.

Programu za wazi ziko karibu na Menkao kuliko Shaba. Msimbo wake unaonekana na kila mtu, anayegundua kasoro jina lake linabaki kwenye kumbukumbu ya kazi, na akijua kuandika msimbo anaweza kuirekebisha mwenyewe bila kuomba ruhusa. Hata hivyo, kazi ya bure inabaki kazi ya bure. Mtu mmoja mmoja hapaswi kuachiwa gharama hiyo. Ingefaa Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho kipo tangu 1963, kiihesabu kazi hii kama staji au kama TFC: mwanafunzi achague programu moja, aijaribu kwa miezi mitatu katika hali za Tshopo, aandike taarifa, na taarifa hizo ziwe sehemu ya alama zake. Fakulte ya Sayansi haihitaji kununua chochote zaidi ya muunganisho mzuri wa intaneti na saa chache za asistanti.

Lugha nayo ni ukuta. Taarifa za kasoro zinaandikwa kwa Kiingereza, na vijana wa Kisangani wamesoma kwa Kifaransa. Ukuta huo si mrefu sana. Taarifa nzuri ya kasoro ina sentensi fupi: toleo gani, mashine gani, hatua moja, mbili, tatu, kilichotarajiwa, kilichotokea. Mwalimu wa Kiingereza wa ISP angeweza kuitumia kama zoezi, na pengine lingekuwa na faida kuliko barua kwa rafiki wa kubuni wa London.

Faida haiishii kwenye picha za nyota. Tangu 2020, Yangambi ina mnara wa CongoFlux, wenye mita 55, unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni. Vyombo vya namna hiyo vinaendeshwa na programu, vinategemea saa sahihi, vinateseka kwa unyevu na kukatika kwa umeme. Aliyejifunza kuuliza kwa nini darubini ya kuigiza imekosea digrii 15, atajua pia kuuliza kwa nini kipimo cha usiku kimeandikwa kama cha jioni. Vyombo vingine vitakuja Tshopo. Swali ni kama vitakuja na fundi wa ndege kutoka nje kila vinapoharibika.

Afrika Kusini iliingiza nchi nane za Afrika kwenye mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Kongo haimo. Kuingia huko ni kazi ya serikali na ya miaka mingi, na hakuna kijana wa Lubunga anayeweza kuifanya peke yake. Kupakua beta anaweza.

Miezi ya Desemba hadi Februari mvua inapungua kidogo, na ni miezi hiyo ambapo Orioni inapita juu ya mji. Nyota ya kwanza ya mkanda wake, Mintaka, inapita Kisangani pungufu ya digrii moja kutoka katikati kabisa ya utosi. Hapo darubini nyingi zinageuka upande wa pili, na hapo makosa ya saa yanaonekana wazi. Jaribio la kwanza linaweza kufanywa kwa darubini ya kuigiza: kuchagua Mintaka, kuweka majira ya Kinshasa, kusubiri usiku wa manane, na kuandika kilichotokea.