KUSUSIA MECHI KISA DINI? ACHENI UTOTO!

Kuna staa mmoja wa mpira wa vyuo hapa jijini (jina kapuni) anazunguka akisema vyuo vya dini visipangiwe tena mechi, eti Wasabato hawachezi Jumamosi, wanavuruga ratiba.

Haya tuulizane. SAUT ya Malimbe ni ya nani? Maaskofu Katoliki. CUHAS pale Bugando je? Hao hao. Ukivifuta hivyo Mwanza utacheza na nani, na sato wa ziwani?

Sabato inaanza Ijumaa jua likizama, Jumamosi jua likizama imeisha. Jumapili jioni wote wametoka kusali, Nyamagana ipo. Tatizo liko wapi?

BYU ya Marekani haichezi Jumapili na wapinzani wanaipangia siku nyingine. Eric Liddell aligoma kukimbia Jumapili Olimpiki ya Paris 1924, akahamia mita 400 na dhahabu akabeba!

Ratiba ni karatasi, inafutika. Dogo ukimwambia achague jezi au imani yake, hilo halifutiki. Kama mnaogopa kufungwa semeni tu, msimsingizie Mungu.

We unaonaje? Funguka hapo chini, matusi hapana!