Daftari la Wiki: Kusi, Ubani na Wazee Tunaowaacha Nyumbani

Katika siku hizi za mwisho wa kiangazi, ambapo joto la Maskati huweza kupindukia digrii 40 na kuta za nyumba huendelea kutoa fukuto hata baada ya sala ya isha, hapana mazungumzo barazani yanayodumu kuliko mazungumzo ya Salalah, mji wa Dhofar, kusini ya Omani: nani amekwenda, nani amerudi, barabara i hali gani, na ukungu umeteremka mpaka wapi. Nami, kwa kuwa nimeziona familia nyingi zinazosema Kiswahili zikipakia garini watoto, majiko, mablanketi na machupa ya chai, kisha zikawaacha babu na bibi nyumbani kwa hoja ya kuwahurumia urefu wa njia, nimekusudia juma hili kuandika yale niliyoyaona huko kusini, kwa haja moja tu: wazee hao nao wachukuliwe.

*

Upepo uletao kharifu ya Dhofar, yaani msimu wake wa ukungu na manyunyu, ndio kusi ile ile iliyokuwa ikivirudisha vyombo Arabuni kutoka Unguja, Mombasa na Lamu. Inapovuma sambamba na pwani ile huyasukuma maji ya juu yaelekee bahari kuu, na maji baridi ya kilindini yakapanda kushika mahali pake; hewa iliyojaa unyevu ikipita juu ya baridi hiyo hugeuka ukungu, na ukungu ukifika kwenye milima ya Qara, iliyouzunguka uwanda wa Salalah, hauna pa kwenda tena. Sehemu kubwa ya maji ya ukungu huo wala haianguki kama mvua tuijuayo sisi, bali majani ya miti huyanasa manyunyu, yakadondoka ardhini tone baada ya tone, hata mlima uliokuwa na rangi ya vumbi mwezi wa Mei ukawa umevaa kijani kitupu ufikapo Agosti. Wenyeji huihesabu kharifu kuanzia tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba, na muda wote huo Salalah hukaa katika digrii 25 au karibu yake, ilhali ukivuka mgongo wa milima masafa machache tu unaingia tena katika jangwa lisilo hata kivuli.

Haya yote mtu aweza kuyasoma kitabuni. Lakini nilipokuwa Mughsail, kiasi cha kilomita 40 magharibi ya mji, mahali ambapo bahari huingia chini ya miamba na kurusha maji juu kwa matundu yaliyotobolewa na mawimbi, nilimsikia mzee mmoja, mzaliwa wa mtaa wa Malindi, Unguja, akiwaeleza wajukuu wake jambo lisiloandikwa kwenye bango lolote la watalii. Watoto walikuwa wakipiga kelele kila maji yaliporuka, nao wamerowa mpaka kichwani. Mzee akawaita, akawaketisha ukingoni mwa njia, mbali na matundu, akasema: "Bahari hii mnayoiona, wajukuu zangu, ndiyo iliyokuwa ikiwatia hofu manahodha wa zamani. Chombo hakikuondoka Unguja katikati ya kusi kuja huku. Ama kiliwahi mwanzo wake, mwezi wa nne, ama kilingoja demani, kusi ipungue nguvu, maana hapa katikati pwani imefungwa." Mmoja wa watoto akauliza kama babu mwenyewe amewahi kusafiri kwa jahazi. Yaliyofuata yalichukua muda mrefu kuliko ule tuliokuwa tumepanga kukaa pale, wala sikuona mtoto aliyeinuka kwenda kuyatazama maji tena.

Na hapa niseme kwa msisitizo, kwa kuwa ni jambo la roho za watu: bahari ya Dhofar wakati wa kharifu si ya kuogelea, na vizuizi vilivyowekwa pale Mughsail havikuwekwa kwa pambo. Mawimbi yamekwisha wachukua watu waliosimama miambani wakipiga picha, tena watu wa familia moja. Mtoto mdogo ashikwe mkono tangu anapotelemka garini.

*

Kando ya barabara za Salalah, hasa karibu na mashamba ya Dahariz na Hafah, kuna vibanda vingi vya kuuza madafu, ndizi, mapapai na miwa, na aliyezaliwa Unguja au Pemba akifika hapo hana budi kunyamaza kidogo. Nilimtazama bibi mmoja aliyekuja na binti yake na wajukuu watatu. Muuzaji, kijana kutoka Bangladesh, alimpa dafu alilokwisha likata. Bibi akalitikisa sikioni, akamrudishia kwa adabu, kisha akaanza kugonga kwa ukucha moja baada ya jingine katika rundo lile mpaka akapata matatu aliyoyaridhia. "Lile la kwanza koroma," akamwambia mjukuu wake wa kike, "maji yake yameanza kuchachuka na nyama imekuwa ngumu, kitale nacho hakijakuwa na nyama. Hili ndilo dafu." Alipomaliza kunywa akaomba lipasuliwe, akachonga kijiko kutokana na kipande cha ganda la pembeni, akamfundisha mtoto kukomba nyama laini bila ya kugusa kifuu. Mtoto yule, ambaye nazi yote aliyoijua ilikuwa ya kopo, alikomba dafu la kwanza, akaomba la pili.

Wala minazi na migomba hiyo si ya jana. Ibn Battuta, msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kutoka huko akapanda chombo kuja Dhofar, aliistaajabia migomba, mitambuu na minazi ya mji huu, na akaandika kuwa wanyama wa hapa hulishwa dagaa. Mji alioufikia ndio magofu ya Al-Baleed, yaliyo ufukweni katikati ya Salalah ya leo, na ndani ya uwanja wake mna Makumbusho ya Nchi ya Ubani, yaliyofunguliwa mwaka 2007, yenye ukumbi mzima wa mambo ya bahari na vielelezo vya majahazi. Familia yenye watoto wa umri wa skuli ianzie hapa, wakati wa asubuhi, kabla ya kwenda milimani. Mtoto aliyekwisha elezwa kuwa msafiri mmoja aliiona Kilwa kisha akaja kuiona Salalah, akitembea katika mawe yale, ana la kutafuta kwa macho yake.

*

Wachache wanaijua Wadi Hinna, upande wa Mirbat, nami nasikitika kwa kuwa hapo ndipo pana mibuyu. Mibuyu hasa, ile ile ya kwetu, yenye mashina ya kijivu yasiyokumbatika hata na watu kadhaa walioshikana mikono, imesimama bondeni katikati ya ukungu na nyasi. Sijui mahali pengine katika safari hii panapoweza kumpendeza mtoto kama hapa, kwa kuwa anaruhusiwa kukimbia, hapana foleni wala tiketi, na mama aliye na busara huwa amekwisha weka mkobani pakiti ya ubuyu mwekundu wa Unguja, ili mtoto atafune tunda akiutazama mti wake.

*

Ubani. Ndicho kitu kilichoitajirisha nchi hii zamani, na ndicho kilichoifanya UNESCO mwaka 2000 ipaandikishe katika urithi wa dunia mahali pane pa Dhofar, yakiwamo magofu ya Al-Baleed na yale ya Sumhuram, penye khori ya Rori. Mahali pengine miongoni mwao ni Wadi Dawkah, kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya Salalah, na kinachowashangaza wageni ni kuwa miti yenyewe haimo katika kijani cha kharifu, bali nyuma ya milima, katika changarawe kavu ambako ukungu haufiki. Mti wa ubani hupenda hivyo. Gome lake hukwanguliwa kwa chombo kidogo chenye ncha pana, utomvu mweupe ukachuruzika na kuganda katika siku kadhaa, na mkwanguo wa kwanza hauna thamani. Ni mpaka mti ukwanguliwe tena na tena ndipo utoke ubani unaostahili kuuzwa.

Katika soko la Hafah, ambako wanawake wa Kidhofari huketi nyuma ya magunia na vyetezo vya udongo vilivyotiwa rangi, mnunuzi asiyejua hulipa bei ya hojari, ubani ulio bora, akapewa ubani wa daraja la chini. Bibi ambaye maisha yake yote amefukiza mitungi ya maji, nguo za harusi na vyumba vya maulidi hadanganyiki. Huchukua chembe moja, akaiinua mwangani aone kama inapenyeza nuru na kama imeelekea ukijani, akaitafuna kidogo, ndipo aulize bei. Mkwe wake aliyekuja na kadi ya benki na haraka nyingi anapata hapo darasa asilolilipia, na muuzaji naye, akiona amekutana na ajuaye, hufungua gunia la nyuma.

*

Juu ya njia nitasema machache. Kutoka Maskati hadi Salalah ni kama kilomita 1,000, na sehemu yake kubwa, baada ya Adam kupitia Haima hadi Thumrait, ni jangwa tambarare linalomlaza dereva. Mwenye wazee na aondoke baada ya sala ya alfajiri, alale njiani usiku mmoja Haima hata kama vijana watanung'unika, na kila baada ya saa mbili asimame ili miguu inyooshwe. Asiyeweza hayo, ndege ni mwendo wa saa moja na nusu. Teremko la kutoka Thumrait kuingia Salalah lina ukungu usioonesha hata ncha ya gari, na katika uwanda wa chini ngamia ni wengi kuliko kawaida, kwa kuwa wenyewe huwashusha mlimani wakati wa kharifu wasije wakateleza katika matope na kuumwa na inzi. Ngamia hapishi gari.

*

Jambo moja liliniudhi sana. Jioni moja katika Wadi Darbat, ambako watoto hupanda mashua ndogo juu ya maji yaliyotulia na ng'ombe hulisha huku na huku, familia moja ilimaliza mishikaki yake, ikakunja mkeka, ikaondoka, na nyuma yake nyasini ikaacha mifuko ya plastiki, makopo na makaa yenye moto. Nyasi zile ni malisho ya watu. Ng'ombe akila mfuko hafi siku ile, hufa baadaye, na mwenyewe hamjui aliyemwulia mnyama wake. Nilimwona mzee wa Kijibali, mwenyeji wa milima ile, akiokota kopo baada ya kopo bila ya kusema neno. Tulimsaidia, na watoto wetu wakamsaidia. Kila gari liwe na gunia lake la taka, na kazi ya kulijaza wapewe watoto, kwani huifanya kwa bidii kuliko sisi.

*

Skuli zinakaribia kufunguliwa, na baada ya hapo Salalah hubaki na nafasi. Waliostaafu, na walio na watoto ambao hawajaanza kusoma, wangefanya vyema kungoja hadi baada ya tarehe 21 Septemba, ukungu uinuke na jua litoke juu ya majani ambayo bado hayajakauka. Vyumba huwa rahisi, njia huwa tupu, na mzee hahitaji kusimama kungoja kiti kwenye mikahawa ya Ittin inayochoma nyama juu ya mawe ya moto.

Ama mwenye siku tatu tu asijilazimishe kwenda Dhofar kwa gari. Na aende Jabal Akhdar, safari ya saa mbili na kidogo kutoka Maskati, ambako uwanda wa Sayq uko kama mita 2,000 juu ya bahari na makomamanga yanaanza kuchumwa sasa hivi. Lazima gari liwe la kuendesha magurudumu yote manne, la sivyo polisi waliopo kizuizini baada ya Birkat al-Mawz watamrudisha. Kati ya vijiji vya Al-Aqr, Al-Ayn na Ash-Shurayjah kuna njia ya miguu inayofuata mifereji ya falaji ukingoni mwa matuta ya mashamba. Mwanzo wake ni tambarare, mzee mwenye fimbo anaiweza akishikwa mkono, na wenye mashamba huuza makomamanga pale pale kwa kikapu. Achukue vikapu viwili, kwani cha kwanza hakifiki Maskati.