Usipige Msasa Ekzosi ya Rangi

Mwandishi mmoja aliyeshauri kwamba koti la mvua likiyeyukia kwenye ekzosi, dawa ni msasa na petroli bomba likiwa bado moto, amewapotosha wanabodaboda.

Pikipiki nyingi hapa Kinanie zina ekzosi iliyopakwa rangi nyeusi ya kustahimili joto. Rangi hiyo ni nyembamba, na ndiyo kinga ya chuma dhidi ya kutu. Msasa hautofautishi plastiki na rangi. Unakwangua vyote, na mvua mbili tatu zikinyesha bomba limeshageuka jekundu kwa kutu. Petroli ndiyo hatari zaidi. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kuimwaga kwenye bomba la moto ni kumtuma mtu hospitali.

Badala yake, acha pikipiki ipoe kabisa. Funga barafu kwenye kitambaa, ikandamize juu ya gamba la plastiki lililoganda kwa dakika chache hadi plastiki ikakamae, kisha ibandue kwa kijiti au ukingo wa kadi kuukuu ya benki, ukisukuma kwa ulalo. Masalia yafute kwa mafuta ya taa kidogo, ukianzia sehemu isiyoonekana. Osha kwa sabuni, kausha vizuri, ndipo uwashe. Tina usiiguse kabisa, maana huyeyusha rangi. Doa jembamba likikataa kutoka, liache.

Na ndugu dereva, kabla hujaondoka, hakikisha abiria amekunja koti lake mbali na bomba.