Mwongozo Usioeleweka Si Msaada

Vijana wenzetu, na ninyi kaka na dada wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tunasema bila kuzunguka. Mwongozo wa kompyuta ambao mtu anayeanza hawezi kuuelewa si msaada. Afadhali usiletwe kabisa.

Tunapokea laptopu kuukuu, tunaziandaa hapa Kagarama, kisha zinapelekwa kambini. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Basi ofisi zinazigawa, nasi tunaziwekea Ubuntu, kwa sababu haiuzwi na mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Hilo hatulipingi, tunalipenda sana.

Shida ni ile karatasi iliyokuja pamoja nazo. Dada mmoja wa kikundi chetu alitaka kuweka Ubuntu kwenye laptopu yake mwenyewe. Karatasi, kwa Kiingereza, ikamwambia achague "Erase disk", aendelee mbele. Akachagua. Hakuna mahali palipomwambia kwamba kila kitu kilichomo kitafutwa. Picha za marehemu baba yake zikaenda. Skani ya diploma yake ikaenda, na diploma yenyewe ilibaki Kivu siku ile walipokimbia. Halafu mtu anamwambia eti, "Si ungesoma vizuri?" Jamani! Alisoma, na alifuata neno kwa neno. Kosa ni la aliyeandika.

Aliyeandika alikuwa anamwandikia mwenzake anayejua tayari. Ndiyo ugonjwa wa miongozo mingi. Inaanza katikati. Inasema "fungua terminali" bila kusema terminali ni nini. Inasema "andika nenosiri" bila kukuonya kwamba herufi hazitaonekana kwenye skrini, na katika matoleo mengi hata nyota hakuna. Wangapi kati yetu tulidhani kibodi imekufa? Inasema "pakua Ubuntu", wakati toleo la 24.04 linazidi GB 5. Kwa mega za nani?

Na sisi wenyewe tusijitoe. Tukishajua kidogo tunapenda kufungua ile skrini nyeusi mbele za watu, tuonekane wataalamu. Yule anayejifunza anatoka pale akiwa ameogopa. Huko ni kujionyesha tu.

Wengine watasema Kiingereza ndiyo lugha ya kazi, tujifunze hicho. Sawa, tunajifunza. Lakini mtu ajifunze vitu viwili vigumu kwa siku moja, huku vitu vyake vinafutika? Mwache aelewe kompyuta kwanza kwa lugha anayoiota usiku. Neno la Kiingereza lililo kwenye kitufe tutamwonyesha na kumweleza maana yake. Hivyo atapata vyote viwili.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya kompyuta. Si kweli. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika na kufanya hesabu, kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka ishirini imepita! Na pale tusipokuwa na neno, tutumie lile watu wanalosema: faili, folda, flashi. Hakuna aliyekufa kwa kusema folda.

Basi tunataka nini? Ukurasa wa kwanza uwe wa kuhifadhi: nakili picha na vyeti vyako kwenye flashi, fungua uhakikishe vinafunguka, ndipo uendelee. Wa pili uwe wa kujaribu: Ubuntu inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa vilivyo ndani ya mashine. Mtu aione, acheze nayo, aamue. Kufuta kuje mwisho, na neno kufuta liandikwe kwa herufi kubwa.

Na aandike nani? Yule aliyejifunza mwezi uliopita. Yeye bado anakumbuka alikwama wapi. Mtaalamu alishasahau, yeye akague tu kama ni sahihi.

Ndugu wa mashirika, msituulize tu tumefundisha watu wangapi na vyeti vimetoka vingapi. Njooni Jumamosi moja, baada ya umuganda, mkae kimya pembeni mumtazame mama ambaye hajawahi kushika kompyuta akifuata karatasi yenu. Akikwama, msimsahihishe yeye. Sahihisheni karatasi, ndipo mchapishe.

Sisi wa Kinyarwanda na Kirundi tunajua ubuntu ni utu, na kupewa kitu ku buntu ni kupewa bure. Jina hilo halikutoka mbali na kwetu. Lakini kumpa mtu kitu bure halafu umwache gizani, hapo utu uko wapi?

Kuanzia wiki hii kila mmoja wetu ataandika ukurasa mmoja, jambo moja tu, kwa Kiswahili cha nyumbani. Dada yetu ameshachagua wake. Ni ule wa kuhifadhi.